Kumjibu Baba kwa Vina

Jumanne, 1 Oktoba

Baba amenitumia shairi. Miaka minne hajanipa hata salamu, na juzi Jumapili simu ikalia: picha ya karatasi, mwandiko wake uleule unaolalia kushoto. Binamu yangu Ricky ndiye aliyeipiga picha huko Ujiji akanirushia bila neno lingine.

Mama alipofariki nilikuwa hapahapa Gisenyi, ugenini ng'ambo ya mpaka, nabeba mawe. Msimamizi wa wakati ule alisema anayeondoka asirudi, nami nikabaki. Nyumbani niliwaambia nimekosa basi. Sikukosa basi. Nilichagua mawe. Baba akaapa mbele ya watu msikitini kwamba hatanena nami tena maisha yake, na yeye ni mtu wa kiapo.

Lakini kwetu shairi halihesabiwi kuwa ni kunena. Babu yangu na ndugu yake waliosusiana walijibizana kwa beti miaka kumi, huku wakipishana njiani kama vipofu. Na anayeletewa shairi lazima ajibu kwa shairi, mizani ileile na kituo kinachoendana. Akijibu kwa maneno makavu, amemtukana aliyemwandikia.

Nanakili hapa, maana simu yangu ina kioo kilichopasuka na siku yoyote itazima.

Ufa ulianza juu, pembezoni mwa dirisha,
Sasa umefika guu, ukuta unauchosha,
Kidole changu kikuu, ndani nimekipitisha,
Mvua hazijanyesha, mwanangu waona nini?

Mlango ulio nyuma, kuufunga kwanichosha,
Kwa bega nausukuma, mpaka wanihemesha,
Tofali zinalalama, usiku zaniamsha,
Mvua hazijanyesha, mwanangu waona nini?

Mfereji wa jirani, maji wayaelekesha,
Yanapita msingini, udongo yalainisha,
Nalala humo chumbani, mengine nayakatisha,
Mvua hazijanyesha, mwanangu waona nini?

Nimelisoma zaidi ya mara ishirini. Hicho kituo ndicho kinachoniua. Mwanangu, waona nini? Kama mtu anayemshika mtoto kisogo na kumwonyesha alichovunja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mawe. Tumepandisha mawe tangu saa moja hadi saa kumi na moja.

Jumapili, 6 Oktoba

Niseme kazi yangu, kwa sababu nyumbani wanaijua vingine. Huko wanajua mimi ni fundi mkuu wa kujenga. Hapa tunajenga jumba la tajiri mmoja kule Nengo, kwenye mteremko wa kutazama ziwa, na mimi ni mbebaji. Mawe yenyewe ni yale meusi yaliyotoka mlimani na moto, yana meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Siku fundi mmoja akiugua, wananipa mwiko. Ila miaka saba ya kusimama chini ya kuta za watu imenipa macho. Naweza kukuambia ukuta gani utasimama na upi unadanganya.

Nimepanga chumba kwa Saidati, mama anayevusha nyanya na vitunguu mpakani kwenda Goma kila asubuhi. Binti yake Nasrine yuko mwaka wa tano wa sekondari na Kiswahili ndilo somo linalomtoa jasho. Leo alikuja na daftari. Huniita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa cha huku.

“Tonton Sudi, we ni mutu ya Tanzania, unisaidie. Mwalimu anasema kila shairi iko na vitu tatu, donc lazima tuvitafute.”

“Vitu vitatu.”

“Vitatu. Dhamira, yaani shairi linataka kusema nini. Sitiari, yaani kitu kimesemwa lakini kinasimamia kitu ingine. Na toni, yaani sauti yake, kama amekasirika ama analia.”

Mimi niliishia kidato cha pili. Mashairi niliyasikia mkekani kabla sijajua kusoma, lakini hakuna aliyenigawia vitu vitatu. Kwa baba ulisikiliza, ukaelewa au ukachapwa. Nikamwonyesha Nasrine shairi lenyewe, bila kusema habari ya mama, ila tu kwamba ni miaka minne hatusemi. Saidati alikuwa anamenya viazi, akaomba asomewe.

“Yewe! Huyu muzee iko na hasira,” alisema. “Mutu hawezi kukaa miaka ine kimya, kisha atume maneno tamu.”

“Mama, hapo hakuna tusi hata moja,” Nasrine akasema.

“Ndiyo hasira ya wazee hiyo! Hasira ya bure iko na matusi. Ya kweli iko na adabu.”

Nikacheka pamoja nao. Viazi vyangu nilivirudisha sufuriani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia Ricky. Nikamuuliza baba alikuwa na uso gani alipompa karatasi.

“Uso wa kawaida, kaka. Aliniita barazani, akasema mpelekee fundi. Basi.”

“Alisema fundi? Hakutaja jina?”

“Fundi tu.”

“Ana hasira?”

“Mi nitajuaje? Mzee mzima, anakula, anaenda msikitini.”

Fundi. Hata jina langu limemshinda kulitamka. Au alinidhihaki, amejua kuwa mimi si fundi. Nimebeba neno hilo siku nzima pamoja na mawe.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa mzee Mudathiru, mshonaji wa kanzu karibu na msikiti. Alizaliwa Tabora, wazazi wake walikimbilia huko zamani. Alirudi huku mtu mzima na Kiswahili chake kimenyooka. Anapenda mashairi kuliko cherehani. Kwake nilisema yote, hata la mama na basi, hata neno la Saidati kuhusu hasira.

Alivaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akasoma tena kwa sauti, akapiga meza.

“Bwana Sudi, baba yako ni bingwa! Hebu tuingie ndani. Nyumba ni nini?”

“Nyumba ni nyumba yetu.”

“Ni ukoo wenu. Ukuta ni yeye mwenyewe, mzazi. Ufa ni wewe na yeye. Umeanza wapi? Pembezoni mwa dirisha. Dirisha ni jicho: umeanza siku jicho lake lilipokutafuta kwenye maziko lisikuone.”

Nikasogeza kigoda karibu naye.

“Mlango wa nyuma,” akaendelea, “ni mlango wa kutolea maiti na siri. Hawezi kuufunga, yaani msiba haujafungwa moyoni mwake. Mfereji wa jirani ni maneno ya watu, yanamlainisha msingi, yanamwambia huyo si mwana. Na mvua?”

“Mauti,” nikasema.

“Umeona! Unayo damu yake. Mvua hazijanyesha: sijafa bado. Mwanangu waona nini? Hapo ndipo mwenye nyumba wako alipokosea. Hiyo sauti si hasira. Ni baba anaomba mwanawe aombe radhi, apate kumpa.”

Sikumbuki lini mara ya mwisho nililia mbele ya mwanamume. Mzee Mudathiru akanipa kipande cha kitambaa cha kanzu nijifute. Nimetoka pale nikiona hata ziwa ni jipya. Baba ananiomba nimwombe radhi. Kilichobaki ni jibu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Mteremko umekuwa sabuni. Mmoja wetu kateleza na jiwe, amepona kwa kulitupa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Nimetafuta vina vya “sha” siku nzima huku mgongoni mwangu kuna jiwe. Chosha, twisha, fikisha. Msimamizi wetu, Nsengiyumva, akaniambia, “Mutanzania, we unaongea na nani? Kama ni Mungu, mwambie asimamishe hii mvua.”

Jumapili, 20 Oktoba

Jibu halitoki. Nikipata mizani, maana inakimbia. Nikipata maana, inakuwa kama barua ya kuomba kazi.

Nasrine ameomba shairi la baba alifanyie zoezi la shule, mwalimu amewaambia kila mmoja alete shairi lisilo kitabuni. Nikamwelekeza yote ya mzee Mudathiru: jicho, msiba, maneno ya watu, mauti. Aliandika kwa bidii. Kisha akauma kalamu.

“Tonton, naweza kuuliza kitu ya kijinga?”

“Uliza.”

“Na kama ni ukuta tu?”

“Ukuta gani?”

“Ukuta. Ya nyumba. Pale anasema ameingiza kidole. Mutu anaingiza kidole namna gani ndani ya msiba?”

Nilicheka hadi Saidati akachungulia. Nikamwambia mashairi ya wakubwa hayako hivyo, kwamba mtu mwenye umri wa baba hawezi kukaa chini apime mizani kumi na sita kila mstari kwa ajili ya tofali. Nikamwambia akiandika hivyo mwalimu atamfukuza. Akacheka na yeye, kwa adabu, akaandika nilivyomwambia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimepata sifa.

Saa nne, mvua imetulia, napita chini ya ukuta wa kuzuia udongo, ule tulioumaliza wiki iliyopita. Nikaona mstari. Mwembamba kama uzi, umeanzia juu kwenye kona, unashuka kwa ngazi ngazi kufuata mawe. Nikaweka mzigo. Chini kabisa maji yalikuwa yanachuruzika mahali ambapo hatukuacha tundu la maji. Nikaweka sikio. Ukuta unaotaka kuanguka hutoa sauti, mchanga unaomwagika kidogo kidogo ndani kama panya gunini.

Chini yake wanawake watatu walikuwa wanachekecha mchanga.

“Chef!” nikamwita Nsengiyumva. “Huu unakuja.”

“Unakuja wapi? Iko siku tano tu!”

“Siku tano ndiyo. Watoe hao kwanza, halafu unitukane.”

Alinitazama. Kisha akapiga kelele, “Bon! Tokeni wote! Acheni vitu, tokeni!” Mwanamke mmoja akarudi kuchukua beseni, nikamvuta kwa kitenge. Tulibishana hadi saa saba. Saa saba na nusu ukuta wote ukalala chini, polepole, kama ng'ombe anayechoka.

Nsengiyumva alinipigapiga bega. “Mutanzania iko na macho! Iko na macho!” Kuanzia kesho nashika mwiko.

Nilitamani kumwambia baba. Jioni nimekaa na jibu lake, na beti mbili zimekuja zenyewe, labda kwa ile furaha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Umuganda, ile kazi ya lazima ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mitaro upande wa Nyakiriba mpaka saa tano. Mvua ikajaza tena saa sita.

Ijumaa, 1 Novemba

Limekamilika. Mzee Mudathiru amelisahihisha mahali pawili na kusema kituo kimemsimamisha nywele. Naandika ubeti wa kwanza tu, mwingine unafuata njia hiyohiyo.

Kosa baba ni la kwangu, moyo wako nilichosha,
Kaburi la mama yangu, mkono sikufikisha,
Radhi yako baba yangu, ufa itaunganisha,
Mvua zije kunyesha, sisi tumelala ndani.

Nimeshindana na hicho kituo wiki mbili. Nilitaka kumwambia kwamba akinisamehe, mauti yakija yatatukuta sote chini ya paa moja. Nadhani nimemwambia.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemtumia Ricky. Nimemwambia asome mwenyewe, taratibu, asisome kama matangazo ya mpira.

Jumanne, 5 Novemba

Ricky amepiga. Alimsomea jana baada ya Alasiri. Baba alifumba macho. Kwenye “kaburi la mama yangu” akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Alipomaliza akamwambia arudie kituo. Akarudia. Kisha akasema, “Haya. Alhamdulillahi.”

“Basi?” nikamuuliza.

“Basi. Ila kaka, uso wake ulikunjuka. Akaagiza chai ya tangawizi, na mimi nikapewa.”

Leo nimejenga mita tatu za ukuta na mgongo hauniumi. Nimemnunulia Saidati sukari. “Muzee amekusamehe?” akauliza. Nikasema ndiyo. Akapiga vigelegele peke yake uani na majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Ricky anasema na kwao imeanza.

Jumatatu, 11 Novemba

Nasrine amerudishiwa zoezi. Amepata alama ya juu darasani. Mwalimu ameandika pembeni: sitiari zimefafanuliwa kwa kina.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika kwa kufuatana, nisiruke kitu.

Asubuhi mlango wa chumba changu ulikataa kufunguka. Mvua ya siku sita. Nikausukuma kwa bega mara mbili ukatoka. Sasa mlango ukikwama, fundi haangalii mlango, anaangalia ukuta. Kwa mazoea tu nikageuka, nikapitisha kidole kwenye kona ya fremu kutafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Ni mbao zimevimba.

Kidole kilikuwa bado ukutani nilipokumbuka mstari wa baba.

Kwa bega nausukuma, mpaka wanihemesha.

Nikatoa simu nikafungua karatasi ya baba. Nikaisoma kama ningesoma maelezo niliyoachiwa na Nsengiyumva. Ufa umeanzia kona ya dirisha. Umefika kwenye msingi. Upana wake unapitisha kidole kikubwa. Fremu ya mlango wa nyuma imehama. Usiku zinasikika tofali zikisogea. Maji ya mtaro wa jirani yanapita chini ya msingi. Ndani analala mtu. Mvua bado. Wewe fundi, waona nini?

Hakuacha kitu. Katika miaka saba hakuna aliyewahi kunipa maelezo ya ukuta yaliyokamilika hivyo. Nilimtoa mwanamke asiyenijua jina chini ya ukuta wa tajiri kwa sababu ya ufa mwembamba kama uzi. Wa baba unapitisha kidole, na mimi nikatafuta ndani yake jicho na msiba.

Kwa nini hakusema kwa maneno makavu? Kwa sababu aliapa. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kuniambia, akaupitia.

Nilimpigia Ricky. Hakupokea. Nikapiga tena, tena. Shangazi Kaltumu, dada yake baba anayeishi naye, hana simu. Nikaandika: MTOENI BABA CHUMBANI SASA HIVI UKUTA UNAANGUKA. Nikapiga mara ya tano. Saidati alikuwa na beseni kichwani tayari kwenda mpakani, akasimama, akaniuliza iko nini, nami nikapiga mara ya sita.

Ricky akapiga yeye. Nilisikia watu wengi nyuma yake na mtu anasoma Yasini.

“Kaka,” akasema, “nilikuwa natafuta namna ya kukupigia.”

Mvua ilinyesha kwao mfululizo tangu jana mchana. Baba alirudi msikitini baada ya Alfajiri, akajinyoosha kidogo kabla ya chai. Ukuta wa upande wa dirisha uliingia ndani wote. Majirani walimtoa. Alikuwa ameshakwenda.

Wanamzika leo baada ya Adhuhuri. Kutoka hapa hadi Ujiji ni safari ya siku mbili.

Sikwenda kazini. Nilikaa kizingitini hadi nikajua kuwa sasa wamemaliza.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna.

Jumamosi, 16 Novemba

Shangazi ameniletea sauti kupitia simu ya Ricky. Naandika maneno yake kama yalivyo.

“Sudi mwanangu. Mimi sina kinyongo na wewe, usiogope sauti yangu. Nataka ujue tu ilivyokuwa. Ule ufa niliuona tangu Septemba. Nikamwambia, kaka, hamia chumba changu, mimi nitalala kwa mama Ricky. Akakataa. Nikamwambia basi tumwambie Sudi kwenye simu. Akasema nisithubutu, yeye ameshakuambia, na kwamba nyumba hii ina fundi wake, tusubiri fundi aseme. Tukasubiri. Jibu lako lilipokuja, akasema Ricky rudia hapo mwisho. Ricky akarudia. Akanigeukia, akasema, ‘Umesikia, Kaltumu? Mwanangu kasema mvua zije, tulale ndani.’ Siku ile alikoroma. Tangu Septemba alikuwa halali, anasikiliza tofali. Siku ile alilala. Hilo ndilo nilitaka ulijue, kwamba ulimpa usingizi.”

Nadhani alikusudia kunifariji.

Yeye aliuliza la ukuta. Akapata toba ambayo hakuiomba, na chini yake, kwa herufi nzuri, akapata jibu la ukuta.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimerudi kazini. Nsengiyumva aliniuliza kama naweza. Nikamwambia nipe mawe, mwiko mpe mwingine. Akanionyesha rundo la mawe.

Jioni mzee Mudathiru alikuja kunipa pole. Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda baba alijua safari yake imefika, na kwamba ukuta kuangukia upande wa dirisha, ukitazama kwa undani...

“Mzee,” nikamwambia, “nyumba haikuwa na zege msingini. Maji yakaingia.”

Akaivua miwani, akaikunja. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alivyokuja. Sikumsindikiza. Yeye hakukosea peke yake. Yeye ni mshona kanzu, anajua kitambaa. Ukuta ulikuwa wangu.

Jumatano, 20 Novemba

Nasrine anapita uani bila kuniangalia. Ananiwekea chakula, anaondoka. Hajarudia lile alilosema Oktoba, na najua hatalirudia. Afadhali angelirudia. Afadhali angesimama katikati ya ua alipigie kelele.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Niliota nahesabu mizani kwa vidole na vidole vikaisha.

Jumatano, 27 Novemba

Ricky ameandika. Arobaini itaangukia karibu na mwisho wa Desemba. Watu wa msikiti na wazee wa Ujiji wanataka mtoto wa marehemu alete utenzi usomwe mbele ya hitima, kama baba alivyomfanyia babu. Wanasema lile jibu langu Ricky alilisoma kwenye matanga na watu walilia, na kwamba sasa mji mzima unajua nani amerithi.

Nimejaribu. Nimeandika mstari mmoja. Ulikuwa na mizani kumi na sita kamili, vina safi. Niliuangalia kama mtu anavyoangalia mkono wake uliompiga mama yake. Nikauchana.

Jumapili, 1 Desemba

Ricky ametuma picha ili nione, kwa kuwa sijafika. Nitakwenda arobaini, nimeshamuaga Nsengiyumva, naye, tofauti na yule msimamizi wa zamani, hakusema kitu kuhusu kurudi. Picha ya kwanza ni kaburi. Ya pili ni chumba cha baba, kimebaki tundu, kitanda kimetolewa. Ya tatu ni watu wamekaa barazani, shangazi katikati, nyuma yao ukuta wa upande wa magharibi, wa chumba chake anacholala yeye na wajukuu wawili waliokuja msibani.

Sikuangalia nyuso. Niliikuza picha mpaka ikawa nukta tupu. Bati la upande ulioanguka sasa halina pa kuegemea, uzito wote umehamia kwenye ukuta huo, na juu ya kona ya kulia kuna mstari.

Nikakaa na simu. Mkono wenyewe ulianza kutafuta namna ya kulisema vizuri, kwa shangazi, kwa mtu mzima aliyefiwa na kaka yake. Nikaukatiza. Nikaandika:

Shangazi Kaltumu. Ukuta wa chumba chako una ufa. Utaanguka. Usilale humo leo wala kesho. Tokeni ndani nyote, watoto kwanza, nendeni kwa mama Ricky. Msirudi kuchukua vyombo. Sudi.

Ricky alimsomea papo hapo. Nilingoja. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Likaja hili:

“Kaka, shangazi ametulia sana. Anasema umeandika maneno mazito. Anauliza hapo kwenye ‘tokeni ndani nyote’ unakusudia nini. Anaona kama unatulaumu tuliobaki.”

Nikamjibu: “Nakusudia mtoke ndani.”